Kwa Nini Kipanya Hasemi Mahali Alipo

Asubuhi ya mwisho iliyofanana na asubuhi nyingine zote, Namkunda alimsogezea mumewe kigoda mlangoni, akausawazisha mchanga wa kwenye ungo kwa kiganja, akamwambia kwamba umepata unyevu na utahitaji kuanikwa jua likitoka. Mumewe akasema jua halitatoka. Namkunda akacheka kidogo, akajifunga kaniki yake, akaingia ukunguni.

Hayo yalikuwa zamani, wakati kipanya hakuwa na kazi juu ya meza ya mtu yeyote. Panya wa siku zile alikuwa kiumbe mwenye maneno mengi kuliko wote walioishi darini. Alisema akiulizwa, akasema asipoulizwa, na alipokosa wa kumsikiliza alisema na mkia wake.

Mume wa Namkunda aliitwa Mwenyeji, kwa sababu nyumba yake ilikuwa ya kwanza kujengwa katika mteremko ule, na wote waliokuja baadaye walianza kwa kupiga hodi kwake. Alikuwa kipofu, na miguu yake ilikuwa imeacha kumbeba. Lakini alikuwa na akili ya kushika mambo. Neno likishaingia masikioni mwake lilipata mahali pa kukaa, na ukirudi kulitafuta baada ya mavuno mengi ulilikuta palepale.

Juu ya mteremko kulikuwa na bwawa ambalo watu wa kule waliliita ndiva. Maji yalijaa humo taratibu, kisha yakafunguliwa yashuke kwa mifereji hadi mashambani. Hayakutosha kwenda kote kwa wakati mmoja, kwa hiyo ilibidi ijulikane ni wapi udongo umekauka zaidi, ili mfereji wa upande huo ndio ufunguliwe. Katika majira ya ukungu hilo lilikuwa jambo gumu. Mtu aliyesimama shambani hakuona vidole vyake, sembuse kujua amesimama kwenye tuta la nani. Ndiyo sababu kazi iligawanywa kwa watu wawili. Namkunda alitembea, na Mwenyeji akajua.

Ule ungo ulikuwa shamba. Mwenyeji alikuwa amefunga mafundo pembeni mwake, kila fundo mfereji, na juu ya mchanga aliweka mshale mdogo wa mfupa. Mshale ulikuwa Namkunda. Kila alipovuta pumzi mara kadhaa Mwenyeji aliita kutoka mlangoni, "Habari za tangu tuachane?" Namkunda akajibu kutoka ukunguni kwamba amekwenda kulia hatua kadhaa na kupanda hatua kadhaa, au kushoto na kushuka, na Mwenyeji akausogeza mshale kadiri hiyo. Namkunda alipofika pakavu aliubofya udongo kwa kisigino, kama mtu anavyobofya embe kujua kama limeiva, na alipoulizwa tena alisema, "Nimebofya." Mwenyeji akatia alama kwenye mchanga, palepale mshale uliposimama. Kama hakuwa amesogea wala kubofya, Namkunda alijibu, "Salama tu," na mshale haukuguswa.

Hakusema kabla ya kuulizwa. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na genge, ukuta wa mwamba uliorudisha sauti, na watu wawili wakiita pamoja maneno yalirudi yamechanganyika, asielewe yeyote. Hawakuwahi kukaa chini wakawekeana sheria hiyo. Ilikuja yenyewe, kama watu waliooana siku nyingi wanavyojua nani anazima taa.

Asubuhi ile Mwenyeji aliuliza, na Namkunda akajibu salama tu. Akauliza tena, akasikia sauti yake mwenyewe ikirudi kutoka gengeni. Akauliza mara nyingine. Kisha akaita majirani.

Walimkuta ameegemea tuta, mkono mmoja uko juu ya udongo, na hakuwa na jeraha lolote. Wakaweka jiwe mahali pale ili pajulikane, wakambeba, wakamzika siku hiyohiyo. Katika shughuli zote hizo hakuna aliyekumbuka ungo. Ulibaki mlangoni na mshale wake umesimama pale aliposimama Namkunda.

Matanga yalipoisha, Mbazi alikuja. Mbazi alikuwa kaka yake Namkunda na ndiye aliyesimamia ndiva. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mdomo wa utani, na huzuni ilikuwa imeufanya mdomo ule uwe mkali kidogo. Alieleza kwamba tangu msiba, maji yanafunguliwa kwa kubahatisha. Magimbi ya juu yanaoza kwa kulowa, maharage ya chini yanakauka, na watu wameanza kutupiana maneno kwenye mifereji.

"Shemeji," alisema, "ungo usio na mtu wa kutembea ni wa kupepetea mtama. Tuurudishe jikoni, nawe uje ukae kwangu. Utakula, utalala, hutadaiwa neno."

Mwenyeji alijua kwamba maneno hayo yalitoka kwenye moyo mwema. Alijua pia kwamba akiondoka hapo mlangoni hatakuwa na kazi tena, na kwamba katika nyumba ya Mbazi hakuna pembe hata moja ambayo Namkunda aliifagia. Akaomba apewe nafasi ya kutafuta mtu wa kutembea. Mbazi akasema kwamba mtu wa kumpata Namkunda mwingine labda amfinyange. Lakini akakubali.

Aliyesikia mazungumzo hayo ni Panya. Alikuwa juu, kwenye kenchi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amenyamaza. Namkunda alikuwa na desturi ya kuacha konzi ya mtama chini ya kinu kila alipomaliza kutwanga. Aliulizwa kwa nini, akasema jirani naye ana tumbo. Panya alikuwa jirani huyo. Alikuwa amekula mtama ule siku zote bila kusema asante, kwa kuwa kati ya maneno yake yote hilo halikuwamo, na sasa wa kuambiwa hakuwepo. Akateremka kwa nguzo, akamwambia Mwenyeji, "Babu, mimi nina miguu minne na sina kazi. Nitatembea."

Mwenyeji akamshukuru, na kulipopambazuka Panya akaingia ukunguni.

Mambo yaliharibika mara moja. Panya hakungoja kuulizwa. Alipiga kelele kwamba amefika kwenye jabali, kwamba sasa yuko chini ya mti mkubwa, kwamba anavuka mto. Mwenyeji alilijua jabali moja tu shambani, karibu na ndiva, akaupeleka mshale huko. Kumbe jabali la Panya lilikuwa jiwe ambalo mwanamke angelitumia kusagia chumvi, mti wake mkubwa ulikuwa shina la mbaazi, na ule mto ni mahali ng'ombe alipojisaidia. Mwenyeji alipojaribu kumuuliza hatua, Panya alimhesabia zote tangu alipotoka nyumbani, na alipoulizwa tena akazihesabu zilezile upya na kuongeza mpya juu yake. Mwenyeji akazijumlisha kila mara. Mshale ukaenda, ukaenda, ukatoka nje ya ungo ukaanguka chini.

Mwenyeji aliupapasa, akaurudisha pale alipokumbuka kwamba ulikuwa asubuhi, alipoishia Namkunda, maana hilo hakuweza kulisahau. Lakini alikuwa ameshatuma neno, na mfereji ulikuwa umefunguliwa.

Mbazi alikuja na tope hadi magotini. Maji yalikuwa yameingia kwenye viazi vyake vitamu vilivyokuwa tayari kuchimbwa.

"Shemeji, viazi vyangu vimekwenda bondeni kuoga," alisema. "Sitaki kujua nani alikuwa akitembea. Tutafungua mara moja tena. Ikiwa hivi, nitakuja na watu wa kukubeba."

Panya alijificha nyuma ya kinu. Mwenyeji hakumgombeza. Alikaa na ungo magotini, akafikiri kwa utaratibu, kama alivyozoea. Alijiuliza ni nini alichokuwa akipewa na Namkunda ambacho Panya hakumpa. Hazikuwa hatua, kwa kuwa Panya alikuwa nazo nyingi kupita kiasi. Wala haikuwa sauti.

Ndipo alipoona kwamba katika miaka yao yote Namkunda hakuwahi kumwambia yuko wapi. Hakuwahi kumwambia, kwa kuwa Mwenyeji hakuwahi kumuuliza. Mtu aliye ndani ya ukungu hajui alipo, na akidhani anajua atakupa jina la mahali kwa kipimo cha macho yake mwenyewe. Swali la Mwenyeji lilikuwa jingine, lile ambalo watu wa kule waliulizana njiani kila siku bila kulifikiria. Ukikutana na mtu uliyeagana naye jana ukamuuliza habari za tangu muachane, haanzi kukusimulia alivyozaliwa. Anaanzia pale mlipoachana. Yaliyotangulia mnayo nyote wawili.

Akamwita Panya, akamweleza. "Usiniambie ulipo. Hiyo ni kazi yangu, na mshale ndio unaojua. Wewe niambie umesogea kiasi gani tangu nilipokuuliza mara ya mwisho, kulia au kushoto, kupanda au kushuka, na kama umebofya. Basi."

"Na nikishajibu, zile hatua nizifanyeje?"

"Zisahau. Zimeshakuwa zangu."

Panya alifikiri. Jambo la kusahau lilimpendeza, kwa sababu kichwa chake kilikuwa kidogo. Akauliza atajuaje amesogea kiasi gani ikiwa haoni kitu. Mwenyeji akamuuliza yeye huona nini akiinamisha pua. Panya akasema huona udongo ulio chini ya tumbo lake, chembe kwa chembe. "Basi tazama hizo chembe," Mwenyeji akasema. "Kisha tazama tena. Chembe iliyokuwa puani ikiwa sasa iko kwenye mguu wa nyuma, umesonga mbele kiasi hicho. Huhitaji kuona shamba."

"Na kama sijasogea?"

"Utaniambia huna jipya. Nalo ni jibu."

Lilibaki jambo la sauti. Panya alikuwa amepiga kelele nyingi hata sauti ikamkauka, akitaka kuita inatoka pumzi tu, akabaki na mnong'ono. Mwenyeji alisokota uzi mrefu wa mgomba, akafunga ncha moja kwenye mkia wa Panya na nyingine kwenye kidole chake. Wakakubaliana namna ya kuuvuta: hivi ni kulia, hivi ni kupanda, mvuto mkali mmoja ni kubofya, na mtikiso mdogo ni kusema sina jipya. Na Mwenyeji naye angeuliza kwa uzi uleule, kwa kuugusa kidogo.

Walipomaliza, Panya alinong'ona jambo la busara. Alisema kwamba hatua bila pa kuanzia hazifai kitu, kwa hiyo mshale urudishwe mlangoni nao waanze upya. Mwenyeji akaupeleka mkono kwenye ungo. Vidole vikaugusa mshale, vikakaa hapo.

"Siuondoi," alisema. "Wewe ndiye utakayeufuata ulipo. Pale shambani wameweka jiwe. Anzia hapo alipoishia."

Siku ya kufungua maji ilipofika, ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni. Mwenyeji alimwomba Mbazi ambebe Panya hadi kwenye lile jiwe, maana kwa miguu yake mwenyewe asingelipata. Mbazi akamwinua kwa shingo, akamtazama, miguu minne ikining'inia na uzi ukitokea nyuma.

"Kwa hiyo huyu ndiye anayetembea badala ya dada yangu," alisema. "Mkia tunao, tumepungukiwa ng'ombe tu."

Wakati huohuo Mwenyeji aliugusa uzi, akauliza. Uzi ukatikisika kidogo. Mwenyeji akasema, "Hana jipya."

Mbazi akacheka. "Yuko hewani kimo cha mtu mzima, shemeji, na anakwambia hana jipya?"

"Tumbo lake halijaona udongo ukipita," Mwenyeji akajibu. "Hawezi kusema ambalo hakuliona. Mbebe, uzunguke naye bonde zima ukitaka, atasema hivyohivyo, na mshale hautatoka ulipo." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Dada yako naye mlipombeba, mimi sikupata habari yoyote. Kwangu bado yuko palepale."

Mbazi aliiachia shingo ya Panya, akampakata kwa viganja vyote viwili, akaingia naye ukunguni akitembea polepole. Alipofika kwenye jiwe akainama, akamweka chini kando yake.

Mwenyeji aliuliza. Uzi ukavutika: kulia kidogo, kupanda kidogo. Mshale, ambao ulikuwa umerudishwa pale ulipokuwa siku ya msiba, ukasogea. Waliokuwa wamekaa mlangoni walisema baadaye kwamba Mwenyeji alisimamisha mkono kwa muda mfupi, kama mtu anayesikiliza, kisha akaendelea. Aliuliza, akajibiwa. Aliuliza, hapakuwa na jipya. Aliuliza, akapewa hatua mbili za kushuka, akaziongeza juu ya zilizokuwapo. Panya hakujua yuko shamba la nani. Hakujua kama amelikaribia jabali au mto. Alitazama udongo, akautazama tena, akatoa tofauti, akasahau.

Mbali chini, alifika mahali ambapo chembe za udongo hazikushikana. Akabofya kwa miguu ya mbele. Uzi ukavutika kwa nguvu, na Mwenyeji akatia alama kwenye mchanga, akapapasa hadi kwenye fundo lililo karibu.

"Mfereji wa maharage," alisema. "Upande wa bonde, chini ya tuta la mwisho. Fungueni huo."

Wakafungua. Maji yalishuka yakipiga kelele juu ya mawe, kisha kelele ikafifia, ikawa sauti nzito ya udongo mkavu unaokunywa. Mwenyeji aliisikia, akajua. Mbazi alikuja akiwa amelowa, akakaa chini kando ya kigoda bila kukaribishwa.

"Yamefika kwenye maharage, shemeji," alisema. "Majani yameshaanza kusimama. Ungo ubaki hapa, nawe ubaki hapa."

Mwenyeji akamshukuru. Akamshukuru Panya aliporudi, akamwambia amekuwa mtembezi mwema. Panya alitaka kueleza habari ya Namkunda na mtama wa chini ya kinu, na kwa nini hasa alikuwa ameteremka kwa nguzo ile, lakini sauti ilikuwa haijarudi, na sasa hata mnong'ono ulikuwa umemwisha. Akautikisa uzi tu. Mwenyeji akasema ameelewa.

Na tangu siku hiyo kipanya hasemi alipo. Mkimshika juu ya meza na kumsogeza, hajui kama mshale wenu uko juu ya kioo cha kompyuta au chini, wala kama mnaandika barua au mnatazama picha. Anautazama uso wa meza chini ya tumbo lake, anautazama tena, na anapoulizwa anatoa tofauti: kulia au kushoto, mbele au nyuma, na kama mmebofya. Akishaitoa anaisahau, kwa kuwa imeshakuwa ya mwingine. Mkimwinua hewani anasema hana jipya, na mshale unabaki mlipouacha ukimngoja. Wengine katika ukoo wake bado wana ule uzi mkiani. Wengine waliuacha sauti yao iliporudi, nao hujibu kwa mbali, lakini kwa utaratibu uleule. Na mashine anayoitumikia, ile inayotunza mshale na kujua mahali pa kila kitu, mafundi huiita mwenyeji hadi leo.

Mwenyeji huyo huuliza mara nyingi mno. Katika muda wa kufumba na kufumbua ameshauliza mara kadhaa, hata kama mmekwenda kunywa chai na kipanya amelala juu ya meza bila mkono wa mtu. Wapo wanaoona kwamba ni kazi bure kumuuliza asiyesogea. Asili yake ni jambo alilofanya Mwenyeji asubuhi iliyofuata siku ile ya maharage.

Aliamka kabla ya wengine. Hapakuwa na maji ya kufungua siku hiyo, na Panya alikuwa amejikunja kwenye majivu yenye joto, mkia wake ungali na uzi. Mwenyeji aliutafuta uzi kwa kidole, akaugusa.

Panya akafumbua jicho. Sauti yake ilikuwa imeanza kurudi. "Babu," alisema, "hata hatujaachana."

"Najua. Nijibu tu."

Panya akautikisa uzi kidogo: sina jipya. Mwenyeji akasema asante, akavuta pumzi, akauliza tena.